Jembe la Serikali: Kufuata Nyayo za Kazi Kando ya Mto Tana

Minjila ni njia panda. Ukija kutoka Malindi, ukishazipita Gongoni na Marereni zenye mashamba ya chumvi, nchi hukauka na vichaka hukuzunguka kwa mwendo mrefu kabla ya kufika hapa. Mkono wa kulia barabara inashuka Garsen mjini, inavuka daraja la Tana, inapita Idsowe na Gamba kuelekea Witu na Lamu. Ukienda mbele, unapanda pamoja na mto hadi Hola, Bura na Garissa. Vijana wa bodaboda hukaa kwenye kivuli wakingoja abiria wanaoshuka basi, na wengi wao ni watu waliomaliza shule.

Njia ninayoifuata mimi haimo kwenye ramani za barabara. Nafuata nyayo za kazi za serikali. Vijana wa Garsen na Hola wamezoea kuandikwa majina: chifu anaitisha baraza, nambari za vitambulisho zinachukuliwa, simu zinaandikwa, watu wanarudi nyumbani kungoja. Kila mpango huja na jina lake, na hutangazwa kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Ilhali serikali imekuwa ikigawa kazi na kuahidi mafunzo kando ya mto huu kwa miaka 70 sasa. Historia hiyo iko ardhini, katika mifereji na matuta na makaburi, na mtu akiifuata kutoka juu ya mto hadi chini anaweza kuisoma mwenyewe.

Alama ya kwanza iko Hola, nayo ni chungu.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na katika miaka iliyofuata makumi ya maelfu ya watu walitiwa kizuizini kwa kushukiwa kuwa Mau Mau. Wakuu wa serikali walikuwa na imani moja kuhusu watu hao: kazi ndiyo dawa. Aliyekubali kushika jembe na kukana kiapo cha Mau Mau alisogezwa kutoka kambi moja hadi nyingine, hatua kwa hatua, mpaka akakaribia kwao. Mifereji ya Mwea na Perkerra ilichimbwa kwa mikono hiyo, na uwanja wa ndege wa Embakasi uliofunguliwa mwaka 1958 ulijengwa kwa mikono hiyo hiyo. Hola ilichaguliwa kwa umbali na joto lake. Wale ambao serikali haikutaka warudi tena Mkoa wa Kati wangeletwa hapa, wapewe vipande vya ardhi kando ya Tana, walime kwa maji ya mfereji, wabaki huku.

Kambi zilikuwa mbili. Katika kambi ya wazi walikaa waliokubali kulima, na baadhi yao waliletewa familia. Katika kambi ya kufungwa walikaa waliokataa. Hoja ya waliokataa ilikuwa nyepesi kueleweka: hatujahukumiwa na mahakama yoyote, kwa hiyo sisi si wafungwa wa kuchimbishwa mitaro. John Cowan, afisa wa ngazi ya juu katika idara ya magereza, akaandika mpango wa kuwatoa kwa vikundi, kuwapeleka shambani na kuwalazimisha. Tarehe 3 Machi 1959 wanaume 85 walitolewa kambini wakapelekwa mferejini. Walipigwa kwa marungu. Watu 11 walikufa, na makumi wakaumizwa vibaya. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema marehemu walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kipigo. Bungeni London, Barbara Castle wa chama cha Labour aliishikilia kesi hii bila kuchoka, na usiku wa Julai 27 Enoch Powell, mbunge wa chama kilichotawala, alisimama akailaumu serikali ya chama chake. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo.

Kaburi na mnara wa ukumbusho viko Hola mpaka leo, mahali palipo na shule ya upili inayobeba jina la Mau Mau. Wanafunzi wa pale wanakaa karibu na ukweli ambao Wakenya wengi wameusoma kwa sentensi moja tu kitabuni.

Nimeanza na Hola kwa makusudi. Mpango ule ulielezwa na wenyewe kwa lugha ya kurekebisha watu na kuwafunza kilimo cha kisasa. Ulikuwa, kwa maneno ya wakati ule, mpango wa kuwapa watu shughuli ya halali. Sisemi kwamba mipango iliyofuata ilikuwa na ukatili ule. Haikuwa nao, na kuilinganisha hivyo kungekuwa kuwakosea waliolala pale. Lakini mpangilio wa mambo ulibaki: serikali ndiyo yenye ardhi, ndiyo yenye maji, ndiyo yenye ramani na mashine. Mwananchi analeta mikono. Mpangilio huo haukuondoka na bendera ya Uingereza.

Skimu ya Hola iliendelea baada ya uhuru, na kuanzia mwaka 1966 ikawa chini ya Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji Maji. Zao lilikuwa pamba. Mkulima hakupewa hatimiliki, alipewa leseni. Meneja ndiye aliyeamua kitakachopandwa, siku ya kupanda na zamu ya maji. Bodi ilinunua pamba, ikakata gharama za trekta, mbegu na dawa, kisha ikamlipa mkulima kilichosalia. Aliyekaidi masharti aliweza kunyang'anywa shamba. Mtu aliweza kufika Hola kijana, akaoa, akasomesha watoto kwa pamba, akazeeka, na bado akawa mtu wa leseni.

Mwaka 1989 mto ukahama. Tana ni mto unaotembea: hukata kona zake, huacha mikondo ya zamani ikawa maziwa, hufungua mingine. Safari hii uliliacha banda la pampu kavu, na skimu ikasimama. Ilikaa hivyo miaka mingi, mpaka ilipofufuliwa karibu miongo miwili baadaye, safari hii kwa mahindi zaidi ya pamba. Ninachojiuliza nikiwa Hola ni wale wa 1989. Walikuwa wamefanya kazi ya kilimo cha mifereji kwa miaka 20 au zaidi. Walijua udongo, walijua zamu za maji, walijua wadudu wa pamba. Hakuna cheti kilichosema hivyo, na hakuna karatasi iliyosema shamba ni lao. Pampu iliponyamaza, walirudi kuwa watu wasio na kazi katika madaftari ya serikali.

Tuiache Hola kidogo, maana kuna jambo lililotokea Nairobi linalosaidia kuielewa njia yote hii. Mwaka 1964, uhuru ukiwa mchanga, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia saini makubaliano ya pande tatu. Waajiri wa kampuni waliahidi kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama vikaahidi kutogoma wala kudai nyongeza ya mishahara kwa muda. Wasio na kazi waliambiwa wajiandikishe. Walijitokeza zaidi ya watu 200,000. Wengi waliondoka mashambani kuja kuandikwa, kwa sababu habari ya kazi ilikuwa imefika vijijini. Nafasi hazikutosha hata kidogo, na nyingi kati ya zilizopatikana hazikudumu. Ndiyo mara ya kwanza Kenya huru kuandika majina mengi kuliko nafasi ilizokuwa nazo.

Mwaka huo huo likaundwa Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, ambalo kila mtu hulijua kwa jina la NYS. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Geoffrey Griffin, mmoja wa waanzilishi wa shule ya Starehe. Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1950, Griffin alikuwa ameshughulika na kambi ya Wamumu, ambako wavulana waliokamatwa katika vita vya Mau Mau walifundishwa kusoma na kufanya ufundi badala ya kuchapwa. Kwa hiyo kutoka katika kizuizi kile kile kilichozaa Hola kulitoka pia wazo jema: kwamba kijana aliyeachwa apewe nidhamu, chakula, kazi ya kujenga nchi, na mwisho ufundi mkononi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Vijana wa NYS walilima barabara katika nchi kame, kisha wakapelekwa vyuo vya shirika, kikiwamo cha Mombasa, wakatoka mafundi wa magari, wachomeleaji, waashi. Mashaka yaliyokuja baadaye, hasa sakata la mwaka 2015 la shilingi milioni 791, yamelichafua jina la shirika. Lakini wapo wazee wengi Pwani walioishi maisha yao yote kwa spana waliyofundishwa kuishika NYS, na nisingetaka sakata la wakubwa liwafute.

Miaka minane baada ya makubaliano yale, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly ulikuja kuchunguza ajira Kenya. Ripoti yao ya mwaka 1972 ilisema jambo ambalo watu wa Tana wangeweza kuwaambia bila ripoti: tatizo kubwa si watu kukaa bure, ni watu kufanya kazi kwa bidii na kupata kidogo mno. Mpokomo anayepanda mpunga maji yanapopungua, Mworma anayeshusha ng'ombe delta wakati wa kiangazi kwa kupitia malka, yaani njia za mifugo kwenda mtoni, mvuvi wa ziwa Shakababo, mwanamke anayesuka mikeka Ngao, hakuna hata mmoja kati yao asiye na kazi. Anachokosa ni soko, barabara, maji ya uhakika na haki ya mahali anapofanyia kazi. Ripoti ilisomwa, ikasifiwa dunia nzima, na neno la sekta isiyo rasmi likaingia vitabuni. Miaka mitano baadaye serikali ikapanga Bura.

Bura ya Tana iko juu ya Hola, upande wa magharibi wa mto. Mwaka 1977 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo, wafadhili wengine wakajiunga, na mpango ukawa mkubwa kuliko wowote wa unyunyizaji uliowahi kufanywa nchini: hekta 6,700 za pamba na mahindi, na maelfu ya familia zisizo na ardhi kutoka mikoa yote ya Kenya zikihamishiwa jangwani kupewa mashamba. Ilikuwa dawa ya mambo mawili kwa pamoja, ukosefu wa ardhi na ukosefu wa kazi. Walowezi wa kwanza waliwasili mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Msingi wa mradi ulikuwa maji, na hapo ndipo palipoharibika mapema. Mpango wa kuyaingiza maji ya mto mferejini kwa mteremko, yashuke yenyewe hadi mashambani, uliahirishwa kwa sababu ya gharama. Badala yake zikawekwa pampu za dizeli Nanigi, zikisemwa kuwa za muda. Pampu za muda zikawa za kudumu. Dizeli ililetwa kutoka mbali, vipuri vilitoka mbali zaidi, na mafundi hawakuwa watu wa pale. Pampu ilipokufa wiki moja, pamba iliungua na jua. Gharama zilipanda kila mwaka, na kati ya hekta 6,700 zilizopangwa, zilizotengenezwa kweli zilikuwa karibu 2,500. Malaria iliua watoto wa walowezi waliotoka nyanda za juu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 mradi ulikuwa umekwama, na familia zilizokuwa zimeuza au kuacha kila kitu kwao zilijikuta katikati ya Tana River bila maji ya kulimia na bila nauli ya kurudi.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Bura mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona. Wafugaji walifungiwa njia za kuelekea mtoni, Wapokomo waliona mashamba makubwa yakipewa watu wa mbali, na walowezi wenyewe wakawa maskini wa aina mpya.

Kitu kimoja kutoka Bura kilistawi kuliko vyote. Walowezi walihitaji kuni, na msitu wa kando ya mto ulikuwa hatarini kukatwa, kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaanzishwa mradi wa miti ya kuni. Mti mmoja uliochaguliwa ulikuwa prosopisi, unaovumilia ukame. Watu wanauita mathenge. Leo ukisafiri kutoka Bura hadi Garsen unauona pande zote za barabara. Umeziba mitaro, umefunga malisho, miiba yake hutoboa matairi ya pikipiki, na maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi. Kule Baringo wananchi waliishtaki serikali kwa sababu ya mti huo huo. Lakini Tana River mathenge pia unachomwa makaa, na makaa hayo yanalisha nyumba nyingi. Nimeitazama minada ya magunia kando ya barabara nikaona jambo zito: kati ya kila kilicholetwa na mradi ule wa mamilioni ya dola, kazi inayowafikia watu wengi bila kuandikwa majina ni ya kukata mti ulioingia kama kisaidizi.

Bura nayo imefufuliwa, na serikali imechimba mfereji mrefu kutoka Korakora ili maji yashuke kwa mteremko, jambo lililokuwa katika mawazo ya kwanza kabisa ya mradi. Ni hatua ya haki, na imechelewa kwa zaidi ya kizazi kizima.

Sasa turudi Garsen, tushuke delta.

Kabla ya serikali kuleta kazi hapa, mwajiri mkuu alikuwa mafuriko. Maji yalipanda kwa msimu wa masika na tena kwa vuli, yakafunika mabonde, yakaacha matope yenye rutuba; yalipopungua, Mpokomo alipanda mpunga, mahindi na ndizi, samaki wakabaki katika mabwawa, na nyasi zikamngoja ng'ombe wa kiangazi. Kalenda nzima ya delta ilifuata maji hayo. Kisha huko juu yakajengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Nchi ilihitaji umeme, na sipingi hilo. Ila mafuriko ya kawaida yalipungua na kupoteza mpangilio, na hakuna aliyekuja Ngao au Kipini kuhesabu ni siku ngapi za kazi zilizopotea kwa kila taa iliyowaka Nairobi. Mwaka wa mvua kubwa mabwawa hujaa na kufunguliwa, na maji huja kwa ghadhabu. Mwaka 2018, na tena 2023 na 2024, watu wa Garsen na Idsowe walihama nyumba zao, barabara ya Lamu ikakatika.

Mamlaka ya kuendeleza Mto Tana iliundwa mwaka 1974, ikaongezewa Mto Athi baadaye, na ndiyo TARDA tunayoijua. Huku delta ilianzisha mradi wa mpunga kwa msaada wa Japani: karibu hekta 2,000 zilizosawazishwa, mifereji, tuta la kuzuia mafuriko, kinu cha kukobolea, nyumba za wafanyakazi Gamba. Vijana wa Garsen waliajiriwa. Wengine walipanda mpunga, wengine waliendesha matrekta, wengine walilinda ndege wasile nafaka. Mwishoni mwa 1997 ikaja El Nino. Tuta lilibomoka, mifereji ikajaa mchanga, mradi ukasimama kwa miaka.

Ukiuliza hapa kuhusu miaka ile, watu hawakumbuki sana hekta. Wanakumbuka mshahara uliokuja kila mwezi, na jinsi ulivyokatika. Kibarua wa Gamba alikuwa na ujuzi wa mpunga wa kisasa, lakini shamba alilojifunzia ujuzi huo lilikuwa na hati ya TARDA, na bila tuta na pampu ujuzi ule haukuwa na pa kutumika. Babu yake alipanda mpunga wa mafuriko bila pampu. Yeye alikuwa katikati: ya babu yamepunguzwa na mabwawa, ya serikali yamezolewa na maji.

Mwaka 2008 ahadi ilikuwa miwa. TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias walitaka hekta 20,000 za delta, na maelfu ya ajira yakatajwa katika kila mkutano. Wapo vijana waliofurahi, na siwalaumu. Wafugaji, wakulima na watetezi wa mazingira walikwenda mahakamani, maana ng'ombe wangekwenda wapi na maji yangetoka wapi. Mradi haukuendelea, na miaka ilivyosonga Mumias yenyewe ilianguka. Kama delta ingekuwa imegeuzwa miwa tupu, sijui leo tungekuwa tunaongea nini. Walikuja pia wawekezaji wa mibono ya kutengeneza mafuta, wakaondoka. Februari 2013 Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Mumbi Ngugi, iliagiza serikali kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi ya delta pamoja na wananchi wenyewe. Delta ilikuwa tayari imeingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani mwaka 2012.

Mwaka huo huo wa 2012, damu ilimwagika. Kuanzia Agosti, vijiji vya Riketa, Chamwanamuma na Kilelengwani vilichomwa na watu zaidi ya 100 wakauawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Sababu zilikuwa nyingi, za ardhi, maji na siasa za uchaguzi uliokaribia. Kwa maoni yangu ahadi za miradi zilikuwa na sehemu yake: kila mwekezaji aliyetajwa alifanya swali la nani mwenye ardhi kuwa kali zaidi, na kila kijana asiye na la kufanya aliweza kuitwa na mtu mwenye nia mbaya.

Mipango ya karibuni naipita haraka, kwa sababu msomaji ameiona mwenyewe. Kazi Kwa Vijana ya mwaka 2009, chini ya ofisi ya Waziri Mkuu Raila Odinga, ililipa shilingi 250 kwa siku kwa kufyeka, kuzibua mitaro na kupanda miti. Mwaka 2011 Benki ya Dunia iliondoa mkono wake kwa sababu ya maswali ya matumizi ya fedha. Kazi Mtaani ilianza Aprili 2020 wakati wa korona. Awamu ya kwanza ilishika kaunti chache. Ya pili ilifika kaunti zote 47, kibarua akilipwa shilingi 455 kwa siku. Pesa hizo zilinunua unga wakati ambapo hapakuwa na unga, na hilo si dogo. Lakini mtu alitoka katika miezi ya ufagio akiwa anajua kufagia tu, kama alivyoingia. Sasa uko mpango wa serikali uitwao NYOTA, ambao umechukua vijana wa miaka 18 hadi 29 waliofika kidato cha nne au chini yake, ukiahidi mtaji wa shilingi 50,000 pamoja na mafunzo ya biashara. Hesabu ya kwanza ilikuwa vijana 70 kwa kila wadi. Tana River ina wadi 15, yaani vijana 1,050, katika kaunti ambayo sensa ya 2019 iliikuta na watu 315,943.

Ukisimama kwenye daraja la Garsen ukatazama juu na chini ya mto, miaka yote hiyo inaonekana. Miradi mikubwa ilitoa kazi bila umiliki. Miradi midogo ilitoa posho bila ufundi. Kilichodumu kila mahali ni kile ambacho mtu alibaki nacho mkononi mradi ulipoondoka: spana ya NYS, mbegu iliyohifadhiwa na mama nyumbani, ujuzi wa kuuona mto unapohama.

Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, vile vilivyotokana na vuguvugu la makanisa la miaka ya 1960 la kuuliza mtoto afanye nini baada ya shule. Ni mali ya kaunti sasa. Kaunti ya Tana River haina haja ya kungoja Nairobi ili ifundishe vijana wa Garsen, Hola na Bura kutengeneza pampu za sola na injini za mashua, kupima ardhi, kutunza mifereji, kukausha samaki na kugeuza mathenge kuwa makaa ya matofali na chakula cha mifugo. Pampu ya Nanigi ilikosa fundi wa kwao. Ya kesho isikose.

Kwa wanaoshika kalamu za NYOTA na mipango itakayofuata, naomba mambo yafuatayo. Bandikeni majina ya waliochaguliwa kwenye ukuta wa ofisi ya kila wadi, pamoja na fedha walizopewa. Kila atakayefundishwa apewe cheti kinachotambulika Mombasa na Nairobi. Na kila familia inayolima katika skimu ya Hola, Bura au delta ipewe hati ya kudumu ya shamba inalolima, kabla trekta la mradi mpya halijawashwa. Nawe kijana wa Garsen, chifu akiitisha baraza tena, nenda ukaandikwe. Kisha kabla hujarudi nyumbani, uliza kwa sauti mbele ya watu utabaki na nini siku mradi utakapofungwa, na udai jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.